Wendover na Watoto: Njia Ni Haki Yako, Kipimo Ni Miguu ya Mdogo

Shikamooni wazee wetu, na habari za mchana wengine wote. Watoto wako nyuma na juisi zao, kwa hiyo tuna kama nusu saa ya utulivu. Tuitumie kabla haijaisha.

Tutazungumzia matembezi ya mashambani na watoto, na mji tutakaoushika ni Wendover, mji mdogo wa Buckinghamshire ulio chini ya vilima vya Chiltern. Tumeuchagua kwa sababu ya treni tu. Kutoka Marylebone, London, ni kama dakika 50, hubadilishi popote, na ukishuka huhitaji basi wala teksi. Mlima unaanzia ng'ambo ya daraja la reli. Iko miji ya Kiingereza mizuri kuliko Wendover, tusidanganyane, lakini ukishafika kwa treni mbili na basi moja, mtoto wa miaka minne amekwisha choka kabla hajaiona nyasi.

Jambo dogo kuhusu tiketi. Oyster, ile kadi ya usafiri ya London, kwenye reli hii inakomea Amersham, haikufikishi Wendover. Nunua tiketi kabla ya kupanda. Watoto walio chini ya miaka 5 hawalipi. Familia yenye watoto wa miaka 5 hadi 15 ikichukua kadi ya punguzo ya familia na marafiki, mtu mzima anapunguziwa theluthi moja na mtoto asilimia 60, na kadi moja inabeba watu wazima mpaka wanne na watoto wanne. Kwa familia kubwa kama zetu, safari chache tu zinairudisha pesa ya kadi.

Haya, tuingie shambani. Swali linaloulizwa kabla hata ya lile la viatu ni hili: "Lile si shamba la mtu? Tutapitaje?" Mzazi anafika kwenye lango, anaona ngano imesimama, nyumba ya mkulima ile pale, na moyo unamwambia arudi. Wengine wetu tumeishi nchi hii miaka kumi na tano tukiyaona mashamba kupitia kioo cha basi tu, kwa sababu hiyo.

Jibu ni kwamba ile njia si fadhila ya mkulima. England ina mtandao wa njia za umma zinazokatiza mashamba ya watu, na kila moja imeandikwa kwenye ramani rasmi inayotunzwa na halmashauri. Ardhi ni ya mwenyewe, lakini haki ya kupita ni ya kila mtu, raia na asiye raia, na mwenye shamba hawezi kuifunga kwa kuamka vibaya. Kwenye nguzo utaona mshale. Mshale wa njano ni njia ya waendao kwa miguu. Wa buluu ni ya miguu, farasi na baiskeli, kwa hiyo hapo mfundishe mtoto kusikiliza nyuma yake. Na ukiona alama ya tunda la mwaloni, hiyo ni njia ya kitaifa. Hapa Wendover inapita moja, inaitwa Ridgeway, ina kilomita 139 kutoka karibu na Avebury mpaka kilima cha Ivinghoe Beacon, na inakatiza katikati ya mji, barabara kuu yenyewe.

Mkulima anaruhusiwa kulima juu ya njia inayokatiza katikati ya shamba, lakini akishalima ana siku 14 kuirudisha ionekane, upana usiopungua mita moja. Njia ya pembeni mwa shamba haruhusiwi kuilima kabisa. Kwa hiyo ukikuta mazao yamefunika njia ya katikati, hujakosea wewe. Unapita kwa mstari uleule wa kwenye ramani, mmoja nyuma ya mwenziwe, mtoto mdogo katikati.

Mfano mzuri wa nguvu ya haki hii uko kilomita chache tu kutoka stesheni. Ipo nyumba inaitwa Chequers, ambayo tangu 1921 ndiyo nyumba ya mapumziko ya mawaziri wakuu wa Uingereza. Ridgeway inakatiza barabara yake ya kuingilia. Ndiyo, unavuka barabara ya nyumbani kwa waziri mkuu ukiwa na mtoto mgongoni na chapati mfukoni, na hakuna wa kukuuliza kitu. Lakini ukitoka nje ya njia pale ni kosa la jinai, na kamera zipo. Haki na mpaka wake vyote utaviona mahali pamoja.

Mpaka wenyewe ni huu: haki yako ni kupita, kusimama kidogo, kupumua, kula ulichobeba. Si kuwasha moto. Si kupiga hema. Jiko la mkaa na mishikaki vibaki nyumbani, hasa Julai na Agosti nyasi zikiwa kavu. Lango ulilolikuta limefungwa, lifunge. Ulilolikuta wazi, liache wazi, maana pengine mkulima ameliacha hivyo ng'ombe wafike kwenye maji.

Sasa kipimo. Hapa ndipo siku nyingi zinapoharibikia, na si kwa sababu ya mvua.

Mwaka 1892 mpanda milima wa Scotland, William Naismith, alitoa hesabu ambayo bado inatumika: mtu mzima mwenye afya huenda kilomita 5 kwa saa, ukiongeza dakika 10 kwa kila mita 100 za kupanda. Ni hesabu nzuri, ila haikutungwa kwa mtu wa miaka mitano aliyeona konokono. Kwa familia, chukua hesabu ya Naismith uizidishe mara mbili kwa mtoto wa miaka 5 hadi 7, kisha ongeza mapumziko. Chini ya miaka minne, usihesabu kilomita kabisa, hesabu saa. Saa moja ya kutembea mwenyewe, zaidi ya hapo unambeba. Na kundi zima linapimwa kwa mdogo kuliko wote, halipimwi kwa wastani. Kaka wa miaka kumi na mbili hatakufa kwa kungoja. Mdogo akisukumwa aende kwa kasi ya kaka, ataketi chini, na mtoto aliyeketi chini kwenye tope hainuki kwa hotuba.

Tuichukue njia ya Coombe Hill tuipime. Kwenda na kurudi ni karibu kilomita 5, kupanda ni karibu mita 120. Kwa Naismith: saa moja ya mwendo, dakika 12 za mlima, jumla saa moja na dakika 12. Mara mbili: saa mbili na nusu kasoro kidogo. Weka dakika 45 juu kwa chakula na kukimbiakimbia, na robo saa ya kufunga kamba za viatu na "nataka kukojoa". Saa tatu na nusu. Aliyeambiwa na mtandao kwamba ni "matembezi ya saa moja na nusu" ndiye anayeikosa treni.

Njia yenyewe iko hivi. Ukitoka stesheni panda kile kibarabara kifupi hadi barabara kuu. Kushoto ni kuteremkia mjini. Wewe geuka kulia, vuka juu ya reli, kisha juu ya barabara ya magari inayozunguka mji. Endelea na barabara kama mita 400. Hapo barabara inapinda kulia, na mkono wako wa kushoto utaona nguzo ya Ridgeway yenye tunda la mwaloni. Shika njia hiyo. Kuanzia hapo unapanda Bacombe Hill, na robo saa ya kwanza ndiyo kali kuliko zote. Waambieni watoto mapema, wazi kabisa: mlima uko mwanzoni, mbele ni tambarare. Mtoto asiyejua hilo anadhani mateso yale yanaendelea mpaka mwisho, na anakata tamaa palepale ambapo yanakaribia kuisha.

Juu ya Bacombe njia inalegea, unapita kwenye vichaka na miti, halafu mbele panafunguka nyasi na mnara wa mawe unaonekana. Hapo ndipo Coombe Hill, mita 260 juu ya usawa wa bahari. Ni ardhi ya National Trust, shirika la hisani la kuhifadhi ardhi na majengo ya kale, na hapa juu watoto wanaweza kutoka njiani wakakimbia. Chini yako, upande wa kaskazini-magharibi, bonde lote la Aylesbury limetandazwa kama mkeka.

Mnara ulijengwa 1904 kwa ajili ya wanaume wa Buckinghamshire waliokufa katika vita vya Makaburu, kule Afrika Kusini. Mwaka 1938 radi iliupiga ukabomoka karibu wote, ukajengwa upya. Tunalitaja hilo si kwa sababu ya historia. Ni mahali pa juu, pa wazi, na mnara ndicho kitu kirefu kuliko vyote pale. Ukisikia ngurumo, hata ya mbali, usikae chini ya mnara kungoja ipite. Kusanya watoto, teremkeni.

Kwa wanaoswali: nyasi za huku zina unyevu hata siku ya jua, kwa hiyo mswala wa kawaida unalowa magotini. Tandika chini mfuko wa nailoni au turubai dogo kwanza. Ukiligeuzia mgongo bonde la Aylesbury, utakuwa umeelekea takriban kibla. Rekebisha kidogo kwa dira ya simu. Na tia udhu stesheni au nyumbani, au beba chupa ya maji ya ziada, maana huku juu usitegemee bomba, choo wala duka.

Mtaona ndege wakubwa wekundu wanaelea bila kupiga mbawa, mkia una panda kama uma. Mtoto yeyote aliyewahi kwenda kwa bibi atapiga kelele, "Mwewe!" Na ni mwewe kweli, ingawa si yule wetu mwizi wa vifaranga. Huyu alikuwa ametoweka England yote, akarudishwa hapa Chiltern kati ya 1989 na 1994 kwa ndege kama 90 walioletwa kutoka Hispania, na sasa wamejaa. Chakula chake hasa ni mizoga. Lakini amejifunza kwamba mahali penye watu wanaokaa chini pana nyama, na huweza kushuka kunyakua sambusa mkononi mwa mtoto. Kucha zake zinakwaruza. Kuleni mmekaa karibu karibu, funika kilichobaki, wala usimrushie kipande ili upige picha. Aliyemrushia jana ndiye aliyemfundisha kumwibia mwanao leo.

Kurudi, rudini njia ileile. Ziko njia za kuzunguka kupitia msituni na zinapendeza, lakini mara ya kwanza njia ileile ina faida kubwa: kila mtoto anaitambua, na kila mzazi anajua imebaki kiasi gani. Jambo moja la kuangalia kusini mwa mji ni ujenzi wa reli mpya ya kasi, HS2. Umehamisha na kufunga baadhi ya njia. Ukikuta tangazo limebandikwa kwenye lango, lisome kabla ya kuendelea. Haki ya njia inaweza kusimamishwa kwa amri halali, na tangazo litasema mchepuko unapita wapi.

Wenye vigari vya watoto, Coombe Hill kutoka stesheni si yenu. Tatizo si mlima peke yake. Ni malango. England wana aina ya lango ambalo bawa lake linacheza ndani ya kizizi kidogo cha nusu duara: unaingia, unalivuta bawa nyuma yako, unatokea upande wa pili. Ng'ombe hawezi, mtu anaweza, kigari cha mapacha hakiwezi. Na aina nyingine ni ngazi ya kuvukia ua, mbao mbili tatu za kukanyaga na nguzo ya kushika. Hapo inabidi kumtoa mtoto, kukikunja kigari, kukivusha, kisha kumvusha mtoto. Mara moja ni mchezo, mara tano ni adhabu. Chama cha Chiltern Society kimekuwa kikiziondoa ngazi hizo na kuweka malango, na tunawashukuru, lakini bado zipo. Mtoto wa miezi sita hadi miaka miwili na nusu, mfunge mgongoni. Kanga mbili na bibi aliyeifundisha mbeleko vinashinda kigari chochote cha paundi mia tano, mradi wewe unayembeba usianguke; kwa hiyo kwenye mteremko wa matope beba fimbo.

Lakini kigari kina njia zake Wendover, mbili, tambarare zote.

Ya kwanza ni mjini mwenyewe. Toka stesheni, geuka kushoto, teremka barabara kuu mpaka mnara wa saa wa 1842, kisha fuata alama ya tunda la mwaloni kulia. Unashika kinjia kando ya kijito, maji ya chemchemi ya mawe ya chokaa, safi hadi unahesabu kokoto, na kinakupeleka kwenye kidimbwi cha mabata karibu na kanisa la Mtakatifu Maria. Kwa mtoto wa miaka miwili hiyo ni safari kamili ya asubuhi. Hakuna haja ya kuongeza kitu.

Ya pili ni mfereji. Mwisho wa karne ya 18 walichimba tawi la mfereji kutoka Wendover kupeleka maji ya chemchemi hizo kwenye mfereji mkuu, ambao leo unaitwa Grand Union, kwa sababu pale juu Tring boti zilikuwa zikikosa maji. Tatizo: mfereji ulivuja. Ulivuja mpaka ukawa unapoteza maji mengi kuliko unayoleta, na 1904 ukafungwa kwa boti. Hasara yao, faida yetu: leo kipande cha kutoka Wharf Road kuelekea kijiji cha Halton hakina boti wala kelele, kuna bata-maji weupe, na njia ya kando yake haina kilima hata kimoja. Ni kilomita mbili na kitu kwenda. Magurudumu makubwa yanapita vizuri. Madogo ya kigari cha dukani yatagonga mizizi, na baada ya mvua yatazama. Kingo hazina uzio. Kwa hiyo sheria moja, na isemwe kabla ya kufika majini: mtoto wa chini ya miaka saba ameshikwa mkono, na anayeshika anatembea upande wa maji. Kumbuka, upande wa maji ni wewe, si yeye.

Pana pia Wendover Woods, msitu wa serikali wenye Haddington Hill, mita 267, mahali pa juu kuliko pote vilima vya Chiltern. Kuna mkahawa, vyoo, michezo ya watoto, njia ngumu za vigari. Kuingia kwa miguu ni bure, kuegesha gari ni kwa malipo. Kwa miguu kutoka stesheni ni mlima mrefu, kwa hiyo tunausifia zaidi kwa wenye magari.

Tope. Lazima tulizungumze tope. Vilima hivi ni mwamba wa chokaa, ule mweupe wa ubaoni, na chokaa hunywa maji haraka. Ndiyo maana mtu huamini kwamba Chiltern hukauka mapema. Miteremkoni ni kweli. Lakini juu ya vilima chokaa kimefunikwa na udongo wa mfinyanzi uliojaa mawe ya gumegume, na huo hauachilii maji kuanzia Novemba mpaka Machi. Kwa hiyo unapanda mahali pakavu, unafika juu tambarare, unazama. Na ile chokaa yenyewe ikilowa juu, inakuwa kama sabuni ya mche iliyosahauliwa kwenye beseni. Watu huanguka wakishuka, si wakipanda. Shukeni kwa hatua fupi, magoti yamelegea, mtoto upande wa juu wa mlima.

Gambuti zinafaa kwenye mfereji na kwenye kidimbwi. Mlimani hazifai, maana kisigino kinacheza ndani, na baada ya kilomita mbili kuna lengelenge. Viatu vya michezo vyenye meno chini vinatosha kiangazi. Kabla ya kutoka, ingiza kidole chako cha shahada nyuma ya kisigino cha mtoto: kikiingia kwa kubana kidogo, sawa, kisipoingia, vidole vya mbele vitagonga wakati wa kushuka. Jinzi ziacheni. Pamba ikilowa haikauki, inavuta joto mwilini, na mtoto anaanza kutetemeka ndani ya treni, si mlimani. Suruali ya michezo ya nailoni ni bora, na bei ni ndogo. Beba soksi jozi moja ya ziada kwa kila mtoto na mfuko wa plastiki wa kutia viatu kabla ya kupanda treni.

Chakula: zaidi ya unavyodhani, na kigawe. Andazi moja chini ya mlima, jingine juu, la tatu limefichwa kwa ajili ya nusu saa ya mwisho. Chupa ya chai ya tangawizi kwa wakubwa. Kuanzia katikati ya Agosti hadi Septemba kwenye ua za miti kuna matunda meusi ya miiba, yanafanana na forosadi, na ni ruhusa kuchuma ya kula mwenyewe kando ya njia. Chumeni ya juu ya kiuno. Ya chini mbwa wameshayatembelea.

Ng'ombe. Hapa wafugaji miongoni mwetu hujiamini kupita kiasi. Ng'ombe wa huku hajazoea kuchungwa na mtoto mwenye fimbo. Amezoea trekta, na akimwona mtu anadhani chakula kimekuja. Kundi la ndama wakubwa huja mbio kwa udadisi tu, na mtoto hajui tofauti ya udadisi na hasira. Msikimbie. Kusanyikeni, tembeeni taratibu, msipite katikati ya mama na ndama wake. Zungukeni mbali hata kama mtatoka kidogo kwenye mstari. Ikiwa mna mbwa na ng'ombe wakawajia, mwachieni mbwa kamba. Wanamtaka yeye, naye ana miguu minne. Sheria inakataza dume la aina za maziwa lenye zaidi ya miezi kumi kuwekwa kwenye shamba linalopitwa na njia ya umma. Dume la aina za nyama linaruhusiwa likiwa na majike, na kwa kawaida hana habari na nyinyi.

Na pale ambapo njia inaishia kwenye barabara isiyo na kando ya kutembea, tembeeni kulia, mkiyatazama magari yanayokuja, mmoja nyuma ya mwenziwe. Kwenye kona kali ya kulia vukeni kwanza upande wa kushoto ili dereva awaone mapema.

Mwanga ndio unaotuumbua sisi watu wa ikweta. Kwetu magharibi ni saa kumi na mbili na dakika zake, Januari mpaka Desemba, na mwili umezoea. Hapa Wendover mwishoni mwa Juni jua linazama saa tatu na ushei usiku. Mwishoni mwa Desemba linazama saa kumi kasoro jioni, na ndani ya msitu giza linatangulia nusu saa. Adhuhuri, alasiri na magharibi zote zinabanana ndani ya saa nne. Kwa ile safari ya saa tatu na nusu, Desemba lazima uwe umeshuka Wendover kabla ya saa tano asubuhi. Mkifika saa saba mchana, fanyeni kidimbwi cha mabata, mle chipsi, mrudi. Mlima hauhami. Mwisho wa Aprili na mwanzo wa Mei ndio wakati tunaoupenda: siku ni ndefu, tope limepungua, na chini ya miti isiyojaza majani bado kuna maua ya buluu yametandazwa msitu mzima. Msiyakanyage kwa ajili ya picha. Ua lililokandamizwa majani linachukua miaka kurudi.

Ramani: ya karatasi ni OS Explorer namba 181. Sentimita 4 ni kilomita moja, na kila mraba wa buluu ni kilomita moja kwa moja, kwa hiyo mtoto wa miaka minane anaweza kuhesabu mwenyewe. Vistari vifupi vya kijani ni njia za miguu, virefu ni za farasi. Simu ni sawa, ila pakua ramani ukiwa nyumbani. Mabondeni mtandao unakatika na baridi inakula betri. Kila mtoto apewe filimbi ya shingoni na afundishwe jambo moja: ukipotea, simama ulipo, piga mara sita, ngoja dakika moja, piga tena. Asitafute wazazi. Wanaotafuta wawe wazazi.

La mwisho ni la usiku ule ule, bafuni. Wapo kupe, wadogo kama mbegu ya ufuta, kuanzia majira ya kuchipua hadi vuli, na baadhi yao hubeba ugonjwa wa Lyme. Mkague mtoto nyuma ya magoti, kwapani, kinenani, nyuma ya masikio, kwenye mstari wa nywele, na katikati ya mistari ya kusuka. Ukimkuta, shika kwa kibano chembamba karibu kabisa na ngozi, vuta juu polepole bila kusokota, osha kwa sabuni. Mafuta ya taa, kiberiti, vaselini: hapana. Kupe akisumbuliwa hivyo hutapika ndani ya jeraha. Andika tarehe. Wiki moja hadi nne baadaye huweza kutokea duara linalotanuka. Vitabu vinasema jekundu, lakini kwenye ngozi nyeusi linaweza kuonekana la zambarau au kama alama ya kugongwa, na ndiyo maana kwetu hukosewa. Ukiliona, au mtoto akipata homa na uchovu usioeleweka, nenda kwa daktari na utaje neno kupe wewe mwenyewe, usingoje aulize.

Ramani mbili ziko pale mezani zimefunguliwa. Anayetaka kuiona ile mistari ya kijani inavyopita mbele ya nyumba ya waziri mkuu, asogee. Maswali tunayachukua hapo hapo.